UZI: Manowari ya Glasgow ninayoiona ikijengwa ng'ambo ya mto, na ile Glasgow ya kwetu iliyozama Forodhani

#1 Mpemba wa Clyde (mleta mada)

Assalamu alaikum wanajukwaa. Mods uzi huu msiutupe jukwaa la siasa, ni wa vyombo na mafundi.

Naishi Glasgow, Scotland. Kazi yangu haihusiani na meli hata kidogo, nahudumia wazee. Ila mimi mtoto wa Mkoani, na Mkoani mtoto hujua kutofautisha jahazi na mashua kwa mbali kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Siku nikiwa off napanda basi mpaka Braehead, kuna maduka makubwa ukingoni mwa mto Clyde. Wenzangu wanaingia kununua viatu, mimi nazunguka nyuma na chupa yangu ya chai kuangalia ng'ambo. Ng'ambo ndiyo Scotstoun, karakana ya BAE Systems, na hapo ndipo walipoifunga HMS Glasgow, manowari ya jeshi la majini la Uingereza, frigeti (meli ya kivita ya wastani) ya kwanza ya aina wanayoiita Type 26.

Chombo chenyewe ni kikubwa: urefu mita 149.9, uzito tani 6,900. Uwanja wa mpira mmoja na nusu kwa urefu. Lakini watu wake ni kama 157 tu. Bamba la kwanza la chuma lilikatwa Julai 2017. Mwanangu wa kwanza kazaliwa mwaka huo huo. Leo anajua kuzidisha na kugawanya, ananisumbua nimnunulie simu, na ile meli bado haijaanza kazi! Mwanzoni walisema itakuwa tayari kwa kazi 2027, Novemba 2022 serikali ikatangaza kwamba imesogea mpaka Oktoba 2028, na gharama za mradi zimeongezeka pauni milioni 233.

Nikajiuliza kama mnavyojiuliza nyinyi: miaka kumi na moja wanafanya nini? Chuma si ndicho kile kile? Nimekuwa nikisoma kila ninachokipata, na jibu lililonikaa ni hili: hawa hawajengi bunduki inayoelea. Wananunua ukimya. Pesa nyingi na muda mwingi umeingia humo, kuifanya meli ya tani 6,900 ipite baharini bila kusikika.

Kazi yake ya kwanza ni kuwinda nyambizi. Nyambizi haionekani kwa rada ikiwa chini ya maji, inasikilizwa. Na mwenye kusikiliza akiwa mwenyewe anapiga kelele, hasikii kitu, isitoshe anasikika yeye kwanza. Waliowahi kuvua kwa mshipi usiku wanaelewa. Ukigonga makasia kwenye ngalawa mzee anakukata jicho.

La pili, na ndilo lililonifanya nifungue uzi: jina hili la Glasgow lishawahi kulala chini ya maji mbele ya Forodhani, Unguja. Nitalirudia.

#2 Dogo wa Kinondoni

Nimekaa siti ya mbele.

#3 Mkaidi wa Makambako

Mkuu bei gani moja?

#4 Mpemba wa Clyde

@Mkaidi mkataba wa zile tatu za mwanzo (Glasgow, Cardiff, Belfast) ulikuwa pauni bilioni 3.7, mwaka 2017. Gawanya mwenyewe. Tano zilizofuata zilitiwa saini Novemba 2022 kwa bilioni 4.2.

#5 Mkaidi wa Makambako

Bilioni 1.2 na ushee za pauni. Kwa shilingi ni kama trilioni 4 kwa meli MOJA. Bwawa la Nyerere pale Rufiji ni trilioni 6.5, megawati 2,115, taifa zima linawaka. Yaani bwawa zima halifiki meli mbili za hawa jamaa. Na meli yenyewe kazi yake ni kunyamaza. Wazungu bwana.

#6 Dogo wa Kinondoni

@Mkaidi umenivunja mbavu. Mke wangu akinyamaza mimi napata hasara kubwa kuliko hiyo.

#7 Fundi Dizeli

Mleta mada umegusa penyewe. Nimefunga injini za boti za uvuvi na tishari Mwanza na Dar miaka ishirini, niseme kidogo kuhusu kelele maana watu wanadhani ni mufla tu.

Kelele ya injini kwenye chombo haitoki kwenye bomba la moshi. Hiyo inaenda hewani. Ya hatari ni ile inayoshuka: injini inatikisa kitako chake, kitako kinatikisa sakafu, sakafu inatikisa ubavu wa chombo, ubavu unapiga maji kama ngoma. Na maji yanabeba sauti kuliko hewa, kasi yake mara nne na zaidi. Ukitaka kujua, nenda kwenye jenereta ya saluni mtaani. Ikikaa juu ya zege, nyumba ya pili madirisha yanalia. Iweke juu ya tairi kuukuu, kimya. Wanachofanya hawa kwenye Type 26 ni lile lile la tairi kuukuu ila kwa akili nyingi: mashine inakaa kwenye kitanda kinachonesa, na kila bomba linalotoka kwenye mashine nalo linafungwa kwa kiungo kinachonesa, maana bomba moja tu lililobana linabeba mtikisiko wote na kazi yako yote bure.

Sasa swali langu kwa mleta mada: wanaendesha kwa dizeli moja kwa moja, au?

#8 Mpemba wa Clyde

@Fundi Dizeli hapana, na hapo ndipo utafurahi. Kuna jenereta nne za dizeli za MTU. Hizo hazigusi rafadha (panga linalosukuma chombo majini) kabisa, zinazalisha umeme tu. Umeme unaenda kwenye mota mbili, na mota ndizo zinazungusha mihimili ya rafadha. Ikitembea hivyo polepole, giaboksi inakuwa imeachiwa, meno hayasagani. Ndipo inapovuta nyuma ile sonari ndefu ya kamba, yaani masikio ya chini ya maji, na kusikiliza.

Wakitaka mbio wanawasha mtambo wa gesi mmoja, Rolls-Royce MT30, megawati 36. Ni ndugu wa injini ya ndege, ile familia ya Trent inayosukuma baadhi ya Boeing 777. Hapo sasa giaboksi inashikwa, na chombo kinakwenda zaidi ya maili 26 za baharini kwa saa. Lakini ni moja au nyingine: umeme ukisukuma, gesi imelala.

#9 Fundi Dizeli

Mtambo mmoja, mihimili miwili. Kwa hiyo giaboksi inapokea nguvu yote sehemu moja inaigawa pande mbili, na bado iwe kimya. Niambie giaboksi ndiyo iliyowachelewesha.

#10 Mpemba wa Clyde

Wallahi umejuaje? Giaboksi inatengenezwa Huddersfield, Uingereza, na kampuni ya David Brown Santasalo, na kuchelewa kwa giaboksi za meli za mwanzo kumetajwa waziwazi kama sababu mojawapo. Korona nayo ikaja katikati.

#11 Fundi Dizeli

Nimejua kwa sababu giaboksi huwezi kuiingiza baadaye. Injini ndogo unaweza kufungua sitaha ukashusha. Giaboksi ya namna hiyo inakaa tumboni kabisa, lazima iingie kabla hujafunga vyumba vya juu yake. Ikichelewa ama usimamishe, ama ujenge ukiizunguka halafu uje ubomoe. Mafundi mnaojenga nyumba mnaijua hasira ya kupasua ukuta uliopigwa rangi kwa ajili ya bomba lililosahaulika. Sasa weka ukuta wa chuma, nyuma yake nyaya za rada, na mkaguzi anasubiri.

#12 Kisauni Born

Salaam kutoka Mombasa. Mkumbuke na yetu basi. KNS Jasiri, meli ya jeshi la wanamaji la Kenya, iliagizwa Spain 2003, ikatia nanga Mombasa 2012. Miaka tisa na ni chombo kidogo mno kando ya hiyo Glasgow. Tofauti ni kwamba yetu haikuchelewa kwa giaboksi. Ilichelewa kwa sababu jina lake liliingia kwenye mambo ya Anglo Leasing, ile kashfa ya mikataba ya serikali, ikakaa kule Ulaya kama bi harusi ambaye mahari ina kesi. Kwa hivyo mimi nikisikia meli imechelewa huuliza kwanza: imechelewa kwa mafundi ama kwa makarani?

#13 Mpemba wa Clyde

@Kisauni Born swali zuri kuliko langu. Hapa ni vyote viwili. Wajapani wana frigeti yao Mogami, waliilaza mkuku (uti wa chini, ndio mwanzo wa kujenga) Oktoba 2019, Aprili 2022 ikaingia kazini. Miaka miwili na nusu! Na Kumano, dada yake, alimtangulia kuingia kazini kwa mwezi mmoja. Watu wake ni kama 90. Australia Agosti 2025 imechagua Mogami iliyoboreshwa, meli 11.

Lakini Australia hiyo hiyo ilishaichukua pia ramani ya Type 26, wanajenga zao wenyewe kwa jina la Hunter. Walitaka tisa wakapunguza zikawa sita. Canada wanajenga kwa ramani hiyo hiyo, wamepanga 15. Na Norway Agosti 2025 wamesema wanataka angalau tano zijengwe hapa hapa Clyde. Kwa hiyo wanaolia bei wapo, na wanaopanga foleni wapo.

Upande wa makarani: serikali haikuagiza nane kwa mpigo. Iliagiza tatu, ikakaa miaka mitano, ndiyo ikaagiza tano. Ukimwagiza fundi milango mitatu halafu umwambie "tutaonana", hanunui mashine mpya kwa ajili yako. Anatumia msumeno wa mkono.

#14 Mkaidi wa Makambako

Na wamenunua mashine sasa?

#15 Mpemba wa Clyde

Sasa ndiyo. Kule Govan, juu kidogo ya mto, wamejenga banda jipya, urefu mita 170 upana 80, frigeti mbili zinakaa ubavu kwa ubavu chini ya paa. Nyie mnaweza kusema paa si kitu, ila hamjawahi kuchomelea Glasgow mwezi wa Novemba. Mvua hapa hainyeshi, inaishi. HMS Glasgow yenyewe haikupata bahati hiyo, vipande vyake viwili vikubwa viliunganishwa nje, Mei 2021, na picha zipo za mafundi wakiwa ndani ya mahema juu ya chuma.

Banda limepewa jina la Janet Harvey, mama aliyekuwa fundi umeme kwenye karakana za Clyde wakati wa Vita Kuu ya Pili. Nimelipenda hilo. Si jina la waziri.

#16 Mama Karakana

Na mimi fundi umeme mwanamke, viwandani, Tanga. Nimesoma #15 nikasimama nikakaa tena. Haya endeleeni.

#17 Dogo wa Kinondoni

Hivi ilishushwaje majini? Ile ya kuteleza kwa kishindo na chupa kupasuliwa?

#18 Mpemba wa Clyde

@Dogo hapana, mambo ya kuteleza yameisha hapa. Novemba 2022 waliitoa Govan juu ya magari yenye matairi mengi yanayotambaa kama tandu, wakaipandisha juu ya tishari kubwa. Tishari likakokotwa kuteremka mto mpaka Loch Long, mkono wa bahari wenye kina kirefu, likajazwa maji likazama polepole chini ya meli, meli ikabaki inaelea. Hakuna kishindo wala wimbi. Kisha ikakokotwa kurudishwa Scotstoun kufungwa vifaa: mlingoti, rada, mzinga wa inchi 5, seli 48 za makombora ya Sea Ceptor ya kujikinga na ndege, na nyingine 24 za makombora marefu zaidi. Nyuma kuna uwanja unaoweza kupokea hata helikopta kubwa ya Chinook.

Chupa ilikuja kupasuliwa Mei 2025. Mke wa Prince William ndiye aliyeipa jina rasmi, meli ikiwa tayari ina miaka miwili na nusu majini. Akiki ya mtoto anayetembea.

#19 Mama Karakana

@Mpemba hujasema habari ya nyaya. 2023 ilitoka kwenye magazeti kwamba kuna nyaya zimekutwa zimekatwa ndani ya HMS Glasgow, na ilionekana si bahati mbaya. Kazi ikasimama kwa muda wakakagua chombo kizima.

Niwaeleze kwa nini hilo linaumiza. Waya kwenye meli ya vita hauendi kama waya wa nyumba. Unapita kwenye viambaza vya chuma vinavyotenga vyumba ili chumba kimoja kikijaa maji cha pili kisijae. Kila waya unapopita pametobolewa, na kila tundu limezibwa kwa kizibo maalumu kinachobana waya mmoja mmoja. Huwezi kuunga waya katikati kwa tepu ukaendelea. Unavuta mpya mwanzo mwisho, unafungua kila kizibo njiani, unaziba tena, unapima tena. Mkato wa sekunde mbili unakula siku. Nimewahi kuvuta upya laini moja kiwandani kwa sababu ya panya, viambaza vinne tu, nikakosa Idd.

#20 Fundi Dizeli

Dada heshima yako.

#21 Sijasoma Yote

Samahani mleta mada ulisema Glasgow ilizama Unguja. Waingereza walizamisha meli yao wenyewe?

#22 Bint Shangani

Acha nimsaidie, hii historia ni ya mtaani kwetu.

Haikuwa yao, ilikuwa yetu. Kimbunga cha Aprili 1872 kiling'oa mikarafuu ya Unguja na kikamaliza merikebu za Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, bandarini. Akataka chombo kipya, naye alikuwa ameipenda frigeti moja ya Kiingereza iliyoitwa HMS Glasgow. Akaagiza ya mfano wake, ikajengwa huko huko Scotland, ikafika Unguja 1878. Milingoti mitatu na bomba la moshi, mizinga midogo saba, na bunduki ya Gatling aliyotunukiwa na Malkia Victoria. Ikaitwa Glasgow vilevile. Inasemekana Sayyid mwenyewe haikumfurahisha, ikakaa nangani mbele ya kasri miaka mingi.

Tarehe 27 Agosti 1896 Sayyid Khalid bin Barghash, aliyetwaa usultani bila ridhaa ya Waingereza, yumo kasrini amekataa kutoka. Saa tatu asubuhi manowari za Kiingereza za Admirali Rawson zikaanza kupiga. Mabaharia wa Glasgow, na vile vizinga vyao vya maonyesho, wakaifyatulia HMS St George. Ikajibu. Glasgow ikaanza kuzama pale pale bandarini, mabaharia wakapandisha bendera ya Kiingereza kuashiria wamesalimu, wakaja kuokolewa kwa mashua. Vita vyote havikufika saa nzima, na upande wetu watu kama mia tano waliuawa au kujeruhiwa. Upande wao, baharia mmoja kaumia.

Milingoti ya Glasgow ilibaki imechomoza juu ya maji mpaka 1912, ndipo mabaki yakavunjwa na kuondolewa. Miaka kumi na sita watu wa mjini wanaamka wanafungua dirisha wanaiona. Bibi mzaa bibi yangu alikuwa miongoni mwao, ndivyo tulivyohadithiwa.

#23 Sijasoma Yote

Daah.

#24 Mkaidi wa Makambako

Kwa hiyo nimeelewa sasa kwa nini mleta mada anakunywa chai akiitazama. Ila Bint, huoni Sayyid aliuziwa sura? Kainunua kwa kuipenda umbo. Mizinga saba midogo mbele ya manowari!

#25 Bint Shangani

@Mkaidi hakuuziwa vita, aliagiza chombo cha kifalme, cha kusafiria na kupokea wageni. Makosa si ya chombo. Ni kama kumpeleka farasi wa harusi kulima.

#26 Kisauni Born

Jina hilo lina nyota ya matatizo lakini. HMS Glasgow nyingine ilikuwa vita vya Falkland 1982, Mei 12 bomu likaingia ubavu mmoja likatokea ubavu wa pili bila kulipuka. Wenzao wa HMS Sheffield siku chache kabla hawakuwa na bahati hiyo, kombora la Exocet liliwamaliza. Na naona hawa wana Sheffield mpya katika zile tano. Mabaharia hawaogopi kurudia majina? Kwetu chombo kikizama jina huachwa na maji.

#27 Mpemba wa Clyde

@Kisauni Born wao ni kinyume, jina lililopigana ndilo wanalirithisha. Nimemuuliza mzee mmoja ninayemhudumia, alikuwa mchomeleaji Govan zamani. Akanambia wao karakanani hawakuwa wakitaja jina kabisa, meli inaitwa kwa namba ya kazi mpaka iondoke. Nikamsimulia ya Unguja. Akanyamaza, kisha akauliza: "Ilijengwa Clyde au wapi?" Ukoo wa mafundi, la kwanza analotaka kujua ni nani aliyeichomelea. Nikamwambia siku hizo mbavu zilipigwa ribiti, si kuchomelewa. Akacheka mpaka nikampa maji.

#28 Bint Shangani

Naomba kitu basi, kwa kuwa uko huko. Ramani za meli kongwe huwa zinahifadhiwa. Kuna yeyote aliyewahi kutafuta mchoro wa Glasgow ya Sayyid? Sisi huku tuna picha ile moja tu ya baada ya mizinga, milingoti imeinama. Nataka kuiona ilivyokuwa mzima.

#29 Mpemba wa Clyde

Bint, kuna jumba la makumbusho la Riverside hapa ukingoni, limejaa mifano ya meli za Clyde, na tangu 2024 kuna daraja la miguu kutoka Govan mpaka upande wake. Jumamosi nipo off. Braehead nitaiacha wiki hii, nitaenda kuuliza dirishani kama wana lolote la merikebu ya Zanzibar. Niandikie jina la Sayyid kama lilivyoandikwa kwenye nyaraka za wakati ule, maana wao wakisikia "Barghash" kwa mdomo wangu wanaandika kitu kingine kabisa.

#30 Bint Shangani

Nakutumia inbox. Jaribu "Burghash" kwanza.